Uzito wa Upande wa Kushoto

Zinga, 3 Machi 2024

Kwa shemeji yangu Mikdad,

Assalaam alaykum. Natumai uko mzima huko Maskati, wewe na joto lenu. Sisi huku hatujambo. Mama yenu miguu inamsumbua ila ulimi haujapata maradhi, kila asubuhi anauliza kama umeoa. Shangazi yenu Bi Mwanamvua yuko kwake Kaole, anakusalimu. Mimi eda nimetoka tangu Januari na nimerudi kazini mizanini, napima malori ya mchanga kama zamani.

Kwanza usidhani nina kiburi kwa kutopokea simu zako. Wewe na marehemu kaka yako mmepewa koo moja. Ukisema haloo tu, mimi namsikia Kibwana yuko chumba cha pili, na siku hiyo hainifai tena kwa kazi. Kwa hiyo niandikie. Mimi nitaandika kwa mkono, nipige picha, nikutumie. Maneno yako nayaweza, sauti siiwezi.

Sasa jambo lenyewe. Lile gari la Kibwana, Crown, liko uani chini ya turubai. Unajua alivyohangaika nalo: injini ya silinda nane, bodi zito utadhani limejengwa kubebea saruji. Vijana wenye Subaru zao wakaliita Kabati. Naye akaapa kwamba hilo kabati atalipeleka kwenye mbio za robo maili, walau mara moja, na waliocheka watafute pa kuficha meno. Mungu hakumpa muda.

Mbio nyingine zipo Julai, kwenye kile kipande cha lami mpya ambacho hakijafunguliwa kwa magari. Safari hii zina kibali na gari la wagonjwa litakuwepo. Nataka kulikimbiza mimi. Mara moja tu, kisha nitaliuza na roho yangu itulie. Fundi Mwinshehe, rafiki yake, amekubali kunisaidia. Wewe ndiye unayetengeneza magari ya mbio ya Waarabu huko. Tuanzie wapi? Na usicheke.

Shemejiyo,
Adila


Maskati, 10 Machi 2024

Shikamoo shemeji,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, nashukuru, kazi nyingi na usingizi kidogo. Mwambie Mama sijaoa kwa sababu wanawake wazuri kaka yangu aliwamaliza. Mwambie hivyo hivyo, atacheka.

Nimecheka, lakini si kwa dharau. Nilikuona ukiendesha lori la ofisini kwenu kurudi nyuma bila kutazama, nikajua huyu Kibwana kapatikana.

Sikiliza. Injini iacheni, kaka aliimaliza. Maradhi ya Kabati ni uzito. Kila kitu kisicholisaidia kwenda, kitoeni: viti vya nyuma, mazulia, tairi la spea, jeki, spika, mtambo wa kupoza hewa, na kile kiti cha mbele cha abiria. Kilo uliyoitoa haili mafuta wala haiharibiki njiani. Ninakutumia matairi laini ya nyuma, yale yanayong'ang'ania lami. Yapunguzeni upepo kidogo. Na siku ya mbio usiondoke kwa hasira. Gari zito likikanyagwa kwa hasira hulia tu palepale, mwenzio ameshakwenda. Libembeleze kwanza, likishaanza kutembea ndipo ulikandamize.

Lipimeni kabla na baada. Wewe una mizani yako, sisi huku tunakodi.

Shemeji, mimi kaka yangu nilimzika kwenye simu. Walininyima ruhusa, nikasimama nyuma ya gereji nikisikiliza watu wakiitikia dua. Kwa hiyo hili gari nalitaka liende kama unavyolitaka wewe. Ramadhani njema.

Mdogo wako,
Mikdad


Zinga, 14 Aprili 2024

Kwa shemeji Mikdad,

Assalaam alaykum, na Idi njema ingawa imepita. Hujambo? Sisi wazima. Mvua haijatuacha, malori yananasa, na kazini tunakaa tukitazamana. Mama amecheka, kisha akasema hilo si jibu.

Matairi yamefika. Kabati tumelivua nguo zote ulizotaja. Mwinshehe alifanya kazi hiyo ndani ya Ramadhani, alasiri, akinung'unika kwamba kaka yako atamdai. Lile rundo la viti na mazulia na vyuma tulilipima peke yake. Lilitushinda uzito mimi na Mwinshehe tukiwa pamoja.

Kisha tukalipandisha gari mizanini, tupu, bila mtu ndani. Mizani ikaandika namba ileile tuliyoisoma kabla ya kulivua.

Najua utasema mizani mbovu. Nimekaa na mizani hiyo miaka, naijua kuliko ninavyomjua mama mkwe wangu. Lori lililofuata lilipimwa sawasawa. Mwinshehe akaingia garini, namba ikapanda kwa uzito wake, akatoka, ikarudi. Tukalishusha, tukalipandisha tena. Kilichotolewa kimetolewa, nimekilaza stoo kwa mikono yangu, na gari halijui kama limetolewa kitu. Uzito wa rundo lile naujua vizuri, shemeji, kwa sababu kaka yako alikuwa akipita kwangu mizanini kila mwezi nimpime kwa mzaha. Uzito wake unaujua. Ndio huohuo.

Tena limelala upande wa kushoto. Si sana, ila ukisimama mbele yake unaliona, kama gari ambalo abiria wake hajashuka.

Na ile kengele ya mkanda, ile inayolia abiria asipojifunga, inalia. Kiti chenyewe hakipo. Imenililia hadi Zinga sokoni na kurudi. Mwishowe nikauchukua mkanda wa kushoto nikauchomeka mahali pake, ikanyamaza.

Mwinshehe naye alilichukua Alhamisi kulijaribu. Alirudi kwa miguu. Gari amelikuta mtoto wa mjomba wake barabarani, funguo ndani. Nikimwuliza ananijibu kwamba ana mafua.

Shemejiyo,
Adila


Maskati, 25 Aprili 2024

Shikamoo shemeji,

Natumai mvua imepungua. Mimi sijambo ila barua yako imeninyima usingizi, na nalala saa chache kama unavyojua.

Tuanze na yanayoeleweka. Springi ya mbele kushoto imechoka, badilisheni zote mbili, nimezituma. Kengele ni maji: mvua imeingia sakafuni na waya wa kile kitambuzi cha kiti unagusa bodi. Ukateni. Mizani sina la kusema, ila malori yenu ni mazito na mizani ya malori haina macho ya vitu vidogo.

Nakuandikia hayo na mkono hauniamini. Mtu mzima si kitu kidogo.

Mbane Mwinshehe aseme. Ni muoga wa wake zake tu, gari hajapata kuliogopa.

Mdogo wako,
Mikdad


Zinga, 19 Mei 2024

Kwa shemeji Mikdad,

Assalaam alaykum. Afya yangu njema, nimepungua kidogo lakini nguo zinanikaa vizuri. Mama hajambo. Shangazi yenu alikuja kutuangalia, akala, akasifu, akaondoka na sufuria yangu.

Springi tumebadilisha. Gari lilisimama sawa kama meza. Nikafungua mlango wa kushoto kutazama kama kuna maji sakafuni, hapakuwa na maji, nikaufunga. Ulipofungwa tu gari likashuka upande ule, polepole, hatua moja, mbele ya macho yangu na ya Mwinshehe. Alikuwa na spana mkononi na hakuiangusha. Aliiweka chini kwa adabu, akaenda kunawa.

Waya nimeukata mwenyewe. Kengele bado inalia nisipofunga mkanda.

Na mvua ikinyesha kioo cha kushoto kinapata ukungu kwa ndani. Si kioo kizima. Ni duara moja, kimo cha mdomo wa mtu aliyekaa, na linaenda likirudi. Nimelipangusa kwa upande wa khanga. Likarudi.

Mwinshehe nimembana. Anasema ile Alhamisi hakuona kitu. Alisikia mtu akihema kwa shida hapo pembeni yake, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Nikamwambia mume wangu hakuwa akihema hivyo. Akainama. Akasema, "Shemeji, alikuwa akihema hivyo gereji kila siku, mwaka mzima. Alituapisha tusikwambie."

Hapo ndipo hasira iliponirudia upya. Unajua mimi nilivyojua kwamba mume wangu ni mgonjwa wa moyo? Niliambiwa na daktari, siku anakufa. Daktari alidhani ninajua. Aliniuliza dawa alikuwa akizimeza saa ngapi, nikabaki namkodolea macho kama mpita njia. Mafundi walijua, na kumbe mpaka vijana wa Subaru walijua. Aliyelala naye kitanda kimoja ndiye aliyefichwa.

Shemejiyo,
Adila


Maskati, 2 Juni 2024

Shikamoo shemeji,

Sina hali ya mzaha leo. Mzima, lakini nimekaa na jambo.

Nilimpigia Shangazi, nikamwuliza habari za siku ya mazishi, kwa kuwa mimi sikuwepo. Akanieleza kwa fahari. Kwamba kabla jeneza halijatoka aliingia ndani kwako, akakwambia, "Mumeo anaondoka, umemsamehe? Umemwachia radhi?" Na wewe hukusema neno. Naye akatoka akawaambia wanaume wa barazani kwamba mjane ameridhia, wakaitikia alhamdulillahi, wakambeba.

Nikamwuliza, Shangazi, mbona alinyamaza? Akanijibu, "Hata siku ya ndoa yake niliingia mimi kumwuliza, akanyamaza vilevile. Mwali akinyamaza amekubali." Shemeji, yeye anaona ni jambo lilelile. Chumba kilekile, muulizaji yuleyule, na mtandio uleule pengine. Lakini mjane si mwali. Kwa mwali aibu husema badala yake. Mjane lazima atamke.

Kwa hiyo nakuuliza mimi, kwa heshima zote. Siku ile ulinyamaza kwa majonzi au ulikataa?

Kama hukumsamehe, basi Kibwana alitolewa nyumbani kwa neno ambalo hakupewa, na sijui mtu wa namna hiyo anakwenda wapi. Nadhani haendi. Nadhani anakaa mahali alipozoea kukaa akimsubiri mkewe amalize shughuli zake. Msamehe, shemeji. Sisi ndugu zake tunakuomba. Ni neno moja tu.

Mdogo wako,
Mikdad


Zinga, 5 Juni 2024

Mikdad,

Salaam. Sisi wazima.

Sikunyamaza kwa majonzi. Nilimsikia Shangazi vizuri sana. Nilikuwa natafuta namna ya kusema hapana mbele ya wanawake arobaini, na kabla sijaipata akawa amekwisha kunijibia.

Umesema ni neno moja. Mimi nimekwisha kulifikiri neno hilo mpaka mwisho wake. Nikilitamka atashuka. Akishuka nitabaki na nini? Kabati na deni la maswali. Hivi sasa nikienda kazini ninaye. Nikirudi ninaye. Namweleza niliyopima, nani kazidisha mchanga, nani kaniudhi, naye anahema tu, lakini kwa uchache hajifichi tena. Mwaka mzima alikaa na mafundi. Sasa akae na mimi.

Kile kiti cha mbele nimekitoa stoo nikakifunga mwenyewe, bolti nne. Haipendezi mtu mzito kukalishwa kwenye bati. Mkanda namfunga mimi.

Mbio nitakwenda. Habari ya radhi usiniandikie tena.

Adila


Maskati, 30 Juni 2024

Shikamoo shemeji,

Natumai u mzima, ingawa nimeambiwa vinginevyo. Barua nilizokutumia katikati hukujibu, hata ile ya picha za viatu vya mbio nilivyotaka kukununulia. Kwa hiyo Mwinshehe ndiye ananipa habari zako, nawe usimlaumu, anakuogopa wewe kuliko gari.

Ananiambia umepungua mpaka Mama anakupikia uji. Ananiambia Kabati kila wiki linazidi kushuka, kwamba sasa bodi inagusa matuta ya barabarani upande wa kushoto, na kwamba ulilipima mbele yake ukazima taa ya mizani asisome. Wewe unapungua, gari linazidi. Mimi fundi, sijui mengi, ila najua uzito hautoki hewani.

Nimekatazwa kusema la radhi, silisemi. Nakueleza moja tu ninalolijua kuhusu kaka yangu. Tulipokuwa wadogo Kaole, alichomwa na mwiba wa samaki mguuni. Akatembea nao mpaka nyumbani, akacheza nami, akala, akanitandikia mkeka. Mguu ulipovimba ndipo Mama alipojua. Akachapwa. Nilimwuliza mbona hukusema, akanijibu kwamba ningelia, nami nikilia nahema vibaya. Nilikuwa na pumu wakati huo. Siku ile nilimkasirikia pia, kama wewe.

Ruhusa nimepata Agosti. Nisubiri, usiende kwenye mbio na gari lililo hivyo. Gari likiegemea upande mmoja, ukilikandamiza litakuvuta nje ya lami. Hilo si la kutisha watu, hilo ni la ufundi.

Mdogo wako,
Mikdad


Zinga, 14 Julai 2024

Kwa shemeji yangu Mikdad,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai umeamka salama. Mama hajambo, miguu yake nafuu. Shangazi karudisha sufuria. Mimi ni mzima, na leo nimekula vizuri. Nisamehe kwa kukunyamazia. Barua ya mwiba wa samaki nimeisoma mara nyingi na nilikuwa nakuchukia kila nikiisoma.

Nilikwenda jana. Najua ulinikataza.

Watu walikuwa wengi, jua kali, na Kabati lilipoingia walicheka kama kawaida yao, kisha wakaona kiti cha abiria kimefungwa mkanda na hakina mtu, wakacheka zaidi. Mwinshehe akawaambia wanyamaze. Alimwaga maji chini ya matairi ya nyuma, nikayazungusha palepale yapate moto, mpaka moshi ukaingia ndani. Mwenzangu alikuwa kijana wa Subaru ya bluu. Alinisalimia kwa heshima, akanipa shikamoo, kisha akaniangalia upande wa kushoto, akageuza uso.

Niliondoka kama ulivyonifundisha, nikilibembeleza. Subaru ilitoka kama imefukuzwa. Kabati likatambaa, likatambaa, kisha likakumbuka kwamba lina silinda nane. Shemeji, kaka yako alikuwa na haki ya kuapa. Lilinibandika kwenye kiti. Lilivuta kushoto nami nikavuta kulia, na tulipofika katikati ya njia mlango wangu ulikuwa sambamba na mlango wa yule kijana, nikaanza kumpita. Nilimwona akigeuka kunitazama.

Hapo nikamsikia. Kelele ile yote ya injini, na juu yake pumzi. Alikuwa akihema kama mtu anayezama. Mwendo ule ulikuwa unamkandamiza kifua na hakuwa na pa kwenda, kwa sababu nilikuwa nimemfunga.

Na ile pumzi niliijua. Mwinshehe aliponieleza nilibisha, lakini nilikuwa naijua. Usiku mwingi nilikuwa nikiisikia nusu usingizini, kisha kitanda kinainuka, na yeye anakwenda kukaa uani. Nikimwuliza asubuhi anasema joto. Mwaka mzima alikuwa akitoka kitandani kwake akahemee nje, kwenye gari, ili mimi nilale. Nimemkasirikia miezi kumi kwa usingizi alionipa.

Nikatoa mguu kwenye mafuta.

Subaru ikapita, watu wakapiga kelele, nami nikakanyaga breki mpaka Kabati likasimama katikati ya njia, robo maili ikiwa imefika nusu tu. Nikazima injini. Upande wa kushoto ulikuwa chini sana, bomba linagusa lami. Nikashuka, nikazunguka mbele ya gari. Mwinshehe alikwisha kutoa vitasa vya ndani vya mlango ule kupunguza uzito, kwa hiyo anayekaa pale hawezi kujifungulia. Mimi sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Nikafungua mlango. Nikafungua mkanda. Ulikuwa umekaza, nilitumia mikono miwili.

Nikamwambia, "Kibwana, nimekusamehe. Dunia na akhera. Uliyonificha na usiyonificha. Shuka, mume wangu."

Hakikutokea kitu. Watu walikuwa wanakuja mbio na mitungi ya kuzimia moto, Mwinshehe mbele yao, wakidhani injini imekufa. Nikawanyooshea kiganja, wakasimama. Nililia mbele ya watu wote hao wala sikuona haya. Nikamwambia tena, "Shuka taratibu, hakuna anayekuharakisha."

Ndipo gari likainuka. Si kwa ghafla. Liliinuka kama linavyoinuka Mama akishuka, kwanza anatoa mguu mmoja, anapumzika, anashika mlango, kisha anautoa mwingine. Springi mpya zililia. Mwinshehe aliona, na yule kijana wa Subaru ambaye alikuwa amerudi kuniangalia aliona, akavua kofia.

Nikasubiri kidogo asimame vizuri, kisha nikafunga mlango.

Shemejiyo,
Adila